Kutu Katika Sanduku la Piyese

Pengine mtashangaa kuona katekista ameshika kalamu kuandika habari za kutu. Mtasema: Mwalimu na atufundishe katekisimu, mambo ya motokari awaachie mashofere. Neno hilo ni la haki. Lakini ninyi mnaokaa katika misioni za milimani mnajua kwamba motokari kuukuu ya misioni si pambo la padri. Ndiyo inayomshusha mgonjwa hospitalini usiku, ndiyo inayopandisha simenti ya shule na mabati ya kanisa la tawi. Na mara nyingi haifi kwa kukosa piyese (vipuri, wasemavyo wenzetu wa Tanzania). Inakufa kwa sababu piyese iliyonunuliwa kwa taabu, ikafika nyumbani ikiwa mpya, imeliwa na kutu ndani ya magazini, kimyakimya, kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Hapa kwetu Luofu, katika jimbo la Butembo-Beni, tumeizoea Land Rover ya aina ya Series III, ile ndefu ya inchi 109. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa iliyotoka kiwandani imekwisha kutimiza miaka 40. Watu wengi hudhani kwamba Land Rover haishikwi na kutu, kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu. Asili ya jambo hilo ni hii: Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, vita vilikuwa vimekwisha karibuni tu, na huko Uingereza chuma kiligawiwa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilipatikana. Basi wakaitumia. Walakini shasi iliyo chini ni chuma, springi ni chuma, beringi ni chuma, na silinda za freni (yaani breki) ni chuma pia. Hata aluminiamu yenyewe hufanya unga mweupe na kuliwa polepole mahali inapogusana na bolti ya chuma penye maji. Mlango unaong'aa usitudanganye.

Piyese za gari la namna hiyo hazipatikani Luofu. Zatafutwa Butembo kwa wafanya biashara, nao huzileta kutoka Kampala kwa mpaka wa Kasindi, na nyuma ya Kampala kuna Mombasa na bahari. Zamani nyingine zilipanda kutoka Goma. Lakini M23 walipoingia Rutshuru na Kiwanja mwezi wa Oktoba 2022 njia hiyo ikawa ya mashaka, na walipoiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, habari ya piyese za Goma ikawa kama hadithi kwetu. Mtu aliyengoja silinda moja ya freni kwa miezi mitatu, hafai kuitupa juu ya sakafu kama jiwe.

Tueleze sasa jambo lililotufanya tuangalie mambo haya kwa uzito. Mwezi wa Oktoba 2021, katika majira ya mvua, silinda ya gurudumu la nyuma ilianza kuvuja. Hatukuogopa, maana ilijulikana kwamba sandukuni kuna nyingine mpya. Ililetwa miaka minne nyuma na msafiri mmoja, ikawekwa humo na watu waliokuwapo kabla yetu, imefungwa kwa gazeti. Shofere akalifungua lile gazeti. Karatasi ilikuwa imeshikamana na chuma, na wino umehamia juu ya kutu hata maneno machache yaliweza kusomeka. Akatoa mipira, akatazama ndani kwa tochi. Ukuta wa ndani, unaotakiwa kuwa laini kama kioo, ulikuwa na vishimo vidogovidogo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Saa ile ile akaja mtu kutoka kituo cha afya. Mama mmoja, mimba yake ya kwanza, uchungu umepita siku nzima. Muuguzi anasema apelekwe hospitalini. Mjumbe mmoja wa halmashauri ya parokia akamwambia shofere: "Tata, ipige msasa, uifunge, twende. Ni safari moja tu." Shofere, mzee wa miaka mingi barabarani, akajibu: "Mwanangu, msasa huondoa wekundu, hauondoi shimo. Shimo litakata mpira, mafuta ya freni yatamwagika, na yatamwagika kwenye mteremko, maana hapo ndipo ninapokanyaga kwa nguvu. Nitamwua huyo mama, na ninyi pamoja naye." Wote wakatutazama sisi. Tukasema Mzee asikilizwe.

Waendesha pikipiki walikataa kwa ajili ya matope. Basi vijana wanane walimchukua yule mama katika kipoyi, wakipokezana, usiku kucha, mvua juu yao. Walifika hospitalini jua limekwisha kupanda. Mama alipona. Mtoto alizaliwa hai, na siku ya tatu akafariki. Hatusemi kwamba gari lingemwokoa; muuguzi hakusema hivyo, nasi hatuongezi neno. Twasema tu kwamba usiku ule gari lilikuwa uani, na silinda mpya ilikuwa mezani, na vyote viwili havikufaa kitu.

Kesho yake tulilimwaga sanduku zima juu ya meza ya darasa, tukakitazama kila kitu. Humo mlikuwa na beringi mbili za gurudumu, zilizonunuliwa siku moja, za namna moja. Ya kwanza ilikuwa bado katika karatasi yake ya nta, na mafuta ya kiwandani yamo. Ilitoka safi, iking'aa kama samaki. Ya pili, mtu alikuwa ameifungua ili kuitazama, akaigeuzageuza, akairudisha. Juu yake kutu ilikuwa imechora vidole: dole gumba upande mmoja, vidole vitatu upande wa pili, hata mistari ya ngozi ilionekana. Kumbe jasho la mkono lina chumvi na asidi kidogo, na alama moja ya kidole yatosha. Katika viwanda vya beringi na saa wanalijua jambo hilo tangu zamani. Wanajua hata kwamba mikono ya watu wengine huleta kutu upesi kuliko ya wenzao. Mzee alipoona hivyo alitucheka sisi walimu: "Mwalimu, ninyi mnafuta ubao kwa kiganja. Msishike beringi zangu."

Kutu ni nini basi? Chuma hutolewa katika mawe kwa moto mkali, nacho kikipata maji na hewa pamoja hutaka kurudi hali yake ya kwanza. Maji peke yake, yasiyo na hewa ndani yake, hayatoshi. Hewa kavu peke yake haitoshi. Na kutu ikiisha kuanza haikifuniki chuma ili kukilinda, bali ina matundu kama sifongo, inashika maji, nayo huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu bolti yenye kutu hukwama hata fundi akaivunja. Mwingereza mmoja, W. H. J. Vernon, aliyapima mambo hayo miaka ya 1920 na 1930. Akaona kwamba si lazima chuma kiloe maji yanayoonekana: unyevu wa hewa ukipita kiasi fulani, kama 60 kwa mia, kutu huongezeka kwa ghafula, hasa ikiwa hewa ina uchafu wa moshi wa makaa ya mawe.

Makaa ya mawe hatuyachomi, lakini unyevu hatuukosi. Luofu iko milimani. Usiku baridi hushuka na vyuma vyote vya magazini hupoa. Asubuhi mlango hufunguliwa, hewa yenye unyevu huingia, na umande hutua juu ya chuma baridi kama pumzi juu ya kioo. Bati halikuvuja, wala hakuna aliyemwaga maji, na piyese imeloa. Sakafu ya simenti huzidisha jambo hilo, kwa kuwa nayo hukaa baridi na kupitisha unyevu wa udongo. Tena tulikuta kwamba sanduku lile lilikaa kati ya majirani wawili wabaya. Upande mmoja palikuwa na mfuko wa chumvi ya shule. Chumvi hunywa maji ya hewani. Wazee wetu waliopokea chumvi ya Katwe kwa wachukuzi walijua kuitundika juu ya moto ili isiyeyuke. Upande wa pili palikuwa na betri za umeme wa jua. Betri hizo zikijazwa hutoa mvuke wenye asidi. Hatudhani kwamba aliyepanga magazini hiyo alikuwa mvivu. Aliona pembe tupu, akaijaza.

Injili ya Mateo, sura ya 6, yataja nondo na kutu mahali pamoja. Katika magazini ile tulivikuta vyote viwili: nondo katika sanduku la kanzu, kutu katika sanduku la piyese, hatua mbili tu kati yao. Watoto wa altare walifurahi sana kwa jambo hilo kuliko tulivyotazamia.

Yafaa pia tuseme neno juu ya maduka. Beringi, silinda na gia hutoka kiwandani zimepakwa mafuta mazito ya rangi ya asali au kahawia. Hayo si uchafu. Yamewekwa kwa ajili ya safari ya bahari, maana ndani ya kasha kubwa la chuma melini jua la mchana na baridi ya usiku hufanya maji yadondoke kutoka juu kama mvua. Lakini wako wauzaji wanaoyafuta yote ili piyese ing'ae mbele ya mnunuzi. Nasi wanunuzi tunawafundisha kufanya hivyo, kwa kuwa tunapenda kinachong'aa! Wengine, na hao ni wabaya zaidi, huipaka rangi nyeusi juu ya kutu. Ukienda kununua, chukua msumari, ukwaruze kidogo mahali pasipofanya kazi. Rangi ikitoka kama ganda na chini yake pana unga mwekundu, rudisha kwa adabu, ondoka. Beringi usinunue iliyofunguliwa, hata kwa nusu ya bei.

Sasa tueleze jinsi tunavyofanya tangu siku zile. Piyese ikifika na karatasi yake ya kiwandani haijapasuka, haifunguliwi. Twaandika jina lake juu, basi. Udadisi ndio unaoharibu, kama ile beringi ya vidole. Ikiwa ilifika wazi, tunaiosha kwa petroli, yaani mafuta ya taa, kwa brashi laini, halafu twaianika juani juu ya bati mpaka iwe ya moto mkononi. Jambo la kukausha ndilo watu huliruka. Ukipaka mafuta juu ya unyevu umefungia mwizi ndani ya nyumba. Na mfuko wa plastiki juu ya unyevu ni mbaya kuliko kutokuwa na mfuko. Baada ya jua, mtu haishiki tena kwa kidole kitupu. Anatumia glavu au kitambaa safi.

Tupake nini? Hapo palikuwa na mabishano marefu. Mama mmoja wa Legio alisema kwamba jembe la mama yake lilipakwa mawese, nalo lilidumu. Hatukatai. Kwa jembe litakalolima kesho kutwa, mawese yafaa. Lakini kwa piyese itakayolala miaka mitatu, mawese huchacha na kufanya asidi, hasa huishambulia shaba. Halafu huganda kama gundi, na panya huyapenda. Vijana wa garaji wakasema: tutumie mafuta ya vidanje, ni ya bure. Hayo nayo tukayakataa, maana mafuta yaliyokwisha kufanya kazi katika motere yamebeba masizi, asidi na maji. Motere imeyatoa kwa sababu yamechafuka; kwa nini tuyarudishe juu ya chuma kipya?

Mzee ndiye aliyetufundisha dawa ya nta. Huchukua sehemu moja ya nta na sehemu mbili au tatu za mafuta mapya ya motere, huviweka katika kopo, na kopo lenyewe hulisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kamwe halisimamishi juu ya ndimi za moto, maana vitawaka. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya maji kuchemka. Akipaka piyese ikiwa bado na joto la jua, dawa huingia katika kila pembe, na ikipoa hukaa kama ngozi. Siku ya kuifunga, huiosha kwa petroli. Askari wa vita vya pili vya dunia walihifadhi bunduki zao kwa namna iyo hiyo, kwa mafuta mazito yatokanayo na petroli, na bunduki zilitoka masandukuni baada ya miaka mingi zikiwa nzima.

Nta yenyewe hutoka wapi? Katika mabaki ya mishumaa. Paroko alipoona kopo aliuliza, akicheka nusu, kama mshumaa wa Pasaka umo ndani. Haumo. Tunakusanya vipande vya mishumaa ya nyumbani, ile ya kuangaza usiku wa giza. Na ingawa mingi siku hizi ni ya parafini wala si ya nyuki, nayo yafaa vilevile.

Silinda ya freni ina sheria yake peke yake, na hapa twaomba msomaji aende polepole. Mipira ya freni haipatani na mafuta ya motere wala grisi ya kawaida: huvimba, hulegea, na freni hufa. Hata mafuta ya freni ya zamani yalitengenezwa kwa mbarika na alkoli, kwa sababu mbarika hauudhuru mpira. Mafuta ya freni ya siku hizi yana ubaya mwingine, kwamba hunywa maji ya hewani kama chumvi. Kopo lililofunguliwa halifai kuwekwa miezi na miezi, wala si dawa ya kuhifadhi silinda kwa muda mrefu. Mzee hutoa mipira yote, huiweka peke yake mahali pa giza, ndani ya silinda hupaka dawa ya nta, huziba matundu. Kabla ya kuifunga, huiosha ndani kwa alkoli mara mbili, hutazama kwa tochi, kisha ndipo anaporudisha mipira. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Tumeona watu wakiikataa kwa kuwa ni ndefu.

Je, dawa hiyo hudumu? Mzee alikuwa na ushahidi ambao hakuutafuta. Usiku mmoja wa Aprili 2009 Luofu ilishambuliwa, nyumba nyingi zikachomwa moto, watu wakafa, na watoto miongoni mwao. Hatutaki kuziweka habari za vyuma kando ya habari za wafu hao kana kwamba zalingana. Lakini kabla ya kukimbia, fununu za vita ziliposikika, Mzee alikuwa amezika makopo mawili ya maziwa ya unga chini ya migomba, ndani yake beringi na vifaa vidogo vya karbureta. Kopo moja alikuwa amelifunga kifuniko kwa nta iliyoyeyushwa kuzunguka mdomo wote. La pili hakupata wakati. Aliporudi na kuyafukua baada ya miezi mingi, la pili lilikuwa na maji ya rangi ya chai. La kwanza alilifungua, akafuta beringi kwa kitambaa, akaizungusha kwa kidole. Haikutoa sauti.

Kwa hiyo piyese zetu ndogo hukaa katika makopo ya namna hiyo, juu ya rafu ya mbao, mbali na ukuta na juu ya sakafu. Ndani ya kila kopo twatia vile vifuko vidogo vyenye punje vitokavyo katika masanduku ya viatu vipya. Vikichoka, twavikausha polepole kando ya jiko, si juu ya moto. Asiye navyo atie mkaa mkavu uliofungwa katika kitambaa, lakini mkaa usiguse chuma. Chumvi imehamia jikoni. Betri zimepata kibanda chao chenye madirisha. Mara mbili kwa mwaka, mvua ikipungua, yaani katika Januari au Februari, na tena katika Juni au Julai, twatoa makopo mchana wa jua na kuyatazama kwa nje. Lile ambalo nta yake imepasuka ndilo linalofunguliwa.

Daftari la piyese lawekwa nasi, kwa kuwa Mzee husema maandishi yake hayasomeki. Juu ya kila kopo pana namba, na katika daftari pana jina la piyese, siku iliyopakwa dawa, na nani aliyeipaka. Silinda ya 2021 haimo. Mzee ameitundika kwenye msumari mlangoni mwa magazini, na kijana anayekuja kujifunza kazi huambiwa kwanza aingize kidole ndani yake na kuvihesabu vishimo.

Makopo yaliyofungwa kwa sasa ni 14, na nta iliyobaki haitoshi kwa majira yajayo. Mwenye vipande vya mishumaa nyumbani avilete kwa shofere au atupe sisi baada ya Misa. Utambi na viberiti vitolewe kwanza.